Kufunga Njia Tabora

Mwaka 1871 msafara wa Waarabu ulitoka Unyanyembe, ambako leo ndiko Tabora, ukielekea Ujiji kufuata pembe za ndovu. Ulipoingia katika nchi ya Mtemi Mirambo, upande wa magharibi, ukasimamishwa. Mirambo alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana kutwa nzima na zaidi, mwishowe wenye msafara wakalipa. Walipokwisha kulipa wakaambiwa wageuze, warudi walikotoka: hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita hapo kwenda Ujiji yeye Mirambo akiwa hai. Habari hii aliiandika Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara, hukohuko Unyanyembe, wakati huo akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Tuisome kwa tahadhari, maana Stanley mwenyewe alibeba bunduki akaenda vitani upande wa Waarabu.

Kulipa ili upite hakukuwa jambo geni katika njia ile. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora misafara ilitoa hongo kwa watemi, na Ugogo ndiko ilikouma zaidi, kwa kuwa maji yalikuwa ya shida na mwenye kisima ndiye mwenye kauli. Wafanyabiashara walinung'unika, wakapiga bei siku mbili tatu, wakahesabu nguo, wakapita. Kero ilikuwa na kawaida yake: ukitoa, njia ni yako. Mirambo naye alikuwa na sababu zake. Waarabu wa Tabora walikuwa bega kwa bega na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, adui yake, na hakuona kwa nini biashara ipite mlangoni pake huku ikimnenepesha mtu anayetaka kumwangusha. Mimi simlaumu kwa kufunga njia. Ninachokitazama ni namna alivyoifunga: alichukua ada kisha akawarudisha waliolipa, hakuweka siku ya kufungua, hakuacha mlango hata kwa jirani.

Kilichofuata kinajulikana. Waarabu walikusanya jeshi la zaidi ya watu 2,000, wakateka boma mojawapo la Mirambo, na waliporudi wamebeba pembe na mateka wakaingia katika mtego wa rugaruga, askari wake, wengi wakafa. Mwezi Agosti mwaka uleule Mirambo akaja mwenyewe hadi Tabora, akachoma sehemu ya mji na kumuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji. Stanley aliiacha njia ya kawaida, akazunguka kusini kupitia Ukonongo, ndipo akafika Ujiji. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Mirambo hakushindwa, alizidi kuwa mkubwa, na hata Stanley aliyepigana naye akaja kuchanjiana naye udugu mwaka 1876. Ila ile miaka yote njia ilikuwa ya hofu, na kilichoimaliza hofu hiyo ni mazungumzo, yaleyale ambayo yangewezekana siku ya kwanza pale msafara uliposimamishwa.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Siku hizi linasikika wazo la kufunga mitaa ya makazi kwa saa chache ili watoto wacheze, na wanaolisikia mara ya kwanza hulichukulia kuwa jambo la Ulaya. Tabora imewahi kuona njia ikifungwa, ikaona na gharama yake. Kwa hiyo kabla hatujaiga kwa watu tujitazame sisi wenyewe tunavyofunga.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wapagazi wakakosa kazi. Njia ya misafara ikabaki na miembe yake, ikawa mitaa ya watu. Tangu hapo, mchana jua likipoa, barabara ya mtaa ni ya watoto. Nenda Kanyenye, Isevya au Ng'ambo saa kumi na moja jioni utawakuta: ndala mbili huku, ndala mbili kule, hayo ndiyo magoli ya chandimu, mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara na kukazwa kwa kamba. Pembeni wasichana wanarusha rede, na kuna mtoto mmoja amesimama na kopo la kombolela akihesabu kwa sauti ili wenzake wajifiche. Watoto hawa wana sheria yao ya barabarani. Anayetazama upande wa gari akiliona hupiga kelele, "Gari!" Mpira unadakwa, ndala zinaokotwa, kila mtu anarudi ukutani. Gari likipita, nusu dakika inakwenda katika ubishi wa mpira ulikuwa kwa nani, kisha wanaendelea.

Sheria hiyo ilifanya kazi barabara ilipokuwa ya vumbi na mashimo. Gari lilikuja taratibu, unalisikia kabla hujaliona. Lami imebadilisha hesabu. Mwendo unaoruhusiwa katika makazi Tanzania ni kilometa 50 kwa saa, na kwa mwendo huo chombo kinakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto wa miaka saba aliyesikia "Gari!" akainama kuokota ndala yake amekwisha chelewa. Tena bodaboda haingoji barabara kuu. Inakatiza vichochoroni, na hailii kama lori. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka sasa kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Wenye umri huo ndio hao wa chandimu, pamoja na vijana wanaoendesha hizo bodaboda.

Sasa tazama tunavyofunga. Namna ya kwanza ni ya hasira. Mtoto amegongwa, mara nyingi katika barabara inayokatiza makazi, na ndani ya saa moja watu wamejaza mawe na magogo, tairi linawaka, wanadai matuta. Kila anayefuatilia habari za nchi hii ameliona hilo zaidi ya mara moja. Polisi wanakuja, mabomu ya machozi yanapigwa, vijana wanakamatwa, abiria wa basi ambao hawakumgonga mtu wanalala njiani. Pengine matuta hujengwa. Lakini tuta hupunguza mwendo wa gari tu, halimpi mtoto mahali pa kucheza, na yule aliyegongwa amekwisha zikwa. Hii ni njia ya Mirambo bila akili ya Mirambo: yeye angalau alijua anataka nini kwa Waarabu.

Namna ya pili ni ya msiba, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo tunayoiweza kuliko taifa lolote ninalolijua. Mtu akifariki, kabla ya adhuhuri turubai limefungwa, kamba moja kwenye mwembe, nyingine kwenye nguzo ya umeme, viti vya plastiki vimepangwa katikati ya barabara, na upande mmoja kina mama wameinjika masufuria. Hakuna aliyekwenda kuomba kibali cha maandishi. Na hakuna anayegombana. Kijana wa bodaboda, yuleyule ambaye jana alipita hapo kwa kasi akiwatawanya watoto, akifika anazima pikipiki, anashuka, anaisukuma kwa mkono ukingoni mwa viti. "Poleni na msiba, wazee." "Tumeshapoa, baba, pita tu." Mgonjwa akitakiwa kupelekwa hospitali ya Kitete, vijana wanainua viti dakika moja, gari linapita, viti vinarudi. Baada ya siku tatu turubai linakunjwa.

Kwa nini hiyo haileti vita? Heshima ya maiti, ndiyo, lakini si hiyo peke yake. Mtaa mzima umepewa habari mapema, na mwenye shughuli anajulikana, ukiwa na neno unajua umwendee nani. Muda wake una mwisho. Mwenye dharura hazuiwi. Na kila anayezungushwa leo anajua siku yake itafika na wengine watazunguka kwa ajili yake. Kwa arusi tunafunga hivyohivyo, na kwa maulidi, na kwa ngoma. Watoto peke yao ndio hawajawahi kuwekewa turubai wakiwa hai.

Waingereza walijaribu kuwafungia watoto mitaa kabla yetu na wakajikwaa, basi na tusome kwao. Mwaka 1938 Bunge lao lilitunga sheria ya kuruhusu halmashauri kuitenga mitaa ya kuchezea watoto. Mitaa mingi ikatengwa, vibao vikasimikwa. Kisha magari yakaongezeka, yakaegeshwa kila upande, na ingawa kibao kilikuwa bado nguzoni hakuna mtoto aliyebaki chini yake. Serikali ilikuwa imetenga mtaa, lakini hakukuwa na mtu wa mtaa huo aliyetoka nje kuusimamia. Mwaka 2009, mjini Bristol, kina mama wawili majirani walianza upya kwa namna nyingine: mtaa unafungwa saa mbili tatu, wazazi wenyewe wanasimama kila mwisho wa barabara, na jirani anayetaka kuingia na gari lake haambiwi arudi alikotoka. Mzazi mmoja anatembea mbele ya gari, gari linafuata kwa mwendo wa miguu hadi mlangoni. Ukiutazama vizuri, huo ni utaratibu wetu wa msibani.

Karibu nasi, Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake asubuhi ya Jumapili tangu mwaka 2016, watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Ni kazi nzuri, ila hiyo ni ya jiji na amri yake inatoka juu. Mtoto wa mtaa wa ndani hafikiwi nayo. Dar es Salaam kuna mfano ulio karibu zaidi na watoto: shirika la Amend, kwa mradi wake wa SARSAI, limekuwa likirekebisha maeneo ya mbele ya shule za msingi kwa njia za waenda kwa miguu, vivuko, nguzo na matuta ili magari yashuke hadi kilometa 30 kwa saa, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Hapo mtoto anafika shule salama. Akirudi nyumbani na mpira wake wa soksi, tunarudi palepale.

Kisheria hatuna kisingizio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayemnyima mtoto chakula tunamshtaki. Anayemnyima mahali pa kuchezea tunampa kiwanja ajenge fremu za maduka. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na mtaa una mwenyekiti wake wa kuchaguliwa na mtendaji wake. Mtaa ukitaka kufunga barabara yake kwa saa chache, hao waambiwe, na trafiki aambiwe. Barabara kuu zinazosimamiwa na TANROADS zisiguswe kabisa: lori la kwenda Kigoma halina pa kuzungukia, na anayelisimamisha kwa ajili ya chandimu anataka ugomvi wa mwaka 1871.

Lakini kazi ngumu haiko ofisini, iko kijiweni. Wanaoishi kwa kupita ndio Waarabu wa leo katika kisa hiki: bodaboda wa kona, mwenye mkokoteni wa maji, muuza mkaa, mwenye duka anayeshushiwa soda. Ukiwafungia bila kuwaita watakulipa ulichodai kisha watakurudia na jeshi, yaani watapita kwa nguvu siku ya tatu na vijana wenu watarusha mawe. Waitwe kwanza, kabla ya mkutano wa mtaa. Waambiwe ni siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, wazungukie wapi, na mteja wao mgonjwa au mwenye mzigo mzito atapitaje. Halafu yatekelezwe hivyohivyo. Ikiwa imesemwa mwisho saa kumi na mbili, saa kumi na mbili kamba iliyofunga njia ishuke, hata kama mechi iko sare na watoto wanalia. Ahadi ya kufungua ndiyo itakayofanya juma lijalo pasiwe na wa kubishana. Wengi wa vijana hao wa bodaboda, miaka kumi iliyopita, ndio waliokuwa wakipiga kelele "Gari!" katika mtaa huohuo, wapeni wao kamba waishike.

Liko jambo ambalo wazee wa mtaa husahau wakipanga saa, kwa kuwa wanaokaa kupanga ni wanaume. Jumamosi asubuhi inaonekana nzuri: magari machache, jua bado. Lakini Jumamosi asubuhi wasichana wanafua sare za shule, wanachota maji, wanapika, wanabeba wadogo zao mgongoni. Mtaa utafungwa na wavulana watacheza mpira katika upana wote wa barabara, na mwenyekiti ataandika kwenye taarifa yake kwamba watoto wamepata haki yao. Jioni ya Jumapili ina nafuu, na hata hiyo si katika kila nyumba. Hao wasichana waulizwe saa yao, na rede ichorewe mstari wake kabla ndala za magoli hazijawekwa chini.