*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Kwa nini anaiacha meza na kwenda kwenye mashine?*



Ndugu zangu wa Korogwe na Handeni, na nyie wa Segera, Mkata, Kabuku na Mombo mnaotusoma kila siku, Alhamdulillah tumeingia nusu ya pili ya mwezi. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwenye mimbari huwa tunalipita haraka. Tunasema kamari ni haramu, watu wanaitikia, tunaenda mada nyingine. Ni haramu kweli, hilo halina mjadala. Lakini mtu anayeijua hukumu na bado anaenda, ukimrudia hukumu ileile mara kumi hujamsaidia. Hebu tuulize: anakwenda kutafuta nini?

*Meza na mashine*

Kamari ya meza ni ile ya watu kukaa pamoja. Kwenye kasino za Dar es Salaam na Arusha kuna ruleti na karata, na mtu wa kasino amesimama anagawa. Huku kwetu meza ni mkeka chini ya mti, karata mkononi, na pesa imewekwa katikati. Kamari ya mashine ni zile sanduku zenye taa ambazo vijana wanaziita dubwi. Unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, unabonyeza picha ya tunda, taa inazunguka, inasimama. Basi.

Ukiangalia duniani kote, na hapa kwetu pia, utaona watu wengi wanaiacha meza wanakwenda kwenye mashine. Sasa fanya hesabu na mimi, na nisieleweke kwamba naipigia debe meza. Zote ni haramu. Nataka tu uone jambo.

Ruleti ya Ulaya ina matundu 37. Ukiotea namba moja ikatoka, unalipwa mara 35 na dau lako unarudishiwa. Maana yake katika kila shilingi 100 unazoweka, kwa wastani mwenye meza anabaki na karibu shilingi 2.7. Tuseme gurudumu linazungushwa mara 40 kwa saa, na kila mara unaweka 200. Utakuwa umeweka 8,000, na kwa wastani utapoteza kama shilingi 216.

Njoo kwenye mashine. Tuseme imewekwa ibaki na shilingi 10 katika kila 100. Mchezo mmoja ni sekunde sita tu, kwa hiyo ndani ya saa moja umecheza mara 600. Umezungusha 120,000. Zimeondoka 12,000. Hapo ni pesa ya unga, sukari na mafuta ya kula, kwa saa moja.

Kama angekuwa anatafuta pesa, asingeiacha hasara ya 216 akaifuata hasara ya 12,000. Utasema hajui hesabu. Sawa, wengine hawajui. Lakini wapo waliokwishapoteza pikipiki ya mkataba, wanajua vizuri kuliko mimi na wewe, na bado wanarudi. Kwa hiyo tukubali kwamba kinachowapeleka pale si pesa peke yake.

*Mashine haina macho*

Kijana mmoja wa bodaboda niliwahi kumuuliza: kwa nini usicheze hata karata na wenzako? Akacheka, akasema, "Shehe, kwenye karata watu wanakuona."

Nililala na neno hilo. Mezani watu wanakuona. Wanakuona ukishinda, wanakukopa. Wanakuona ukishindwa, wanakucheka. Wanakuona hujui mchezo, wanakugeuza shamba lao. Na mezani kuna hatari nyingine, ambayo kwa kweli ni rehema: kuna siku mtu mzima atakwambia, "Baba Fulani, inatosha sasa, nenda nyumbani, wanao wanakusubiri." Mashine haijawahi kumwambia mtu neno hilo tangu ilipotengenezwa, na haitamwambia.

Mashine haikuulizi ukoo, haikuulizi elimu, haijui kwamba unadaiwa kodi ya pango. Haikuangalii nguo. Ukiwa na 200 unakaribishwa sawasawa na mwenye laki. Mtu aliyechoka kuangaliwa vibaya siku nzima, abiria wamemtukana, tajiri wa pikipiki anataka hesabu yake, nyumbani anaogopa kufika mikono mitupu, pale anapata nusu saa ya kutokuwa mtu yeyote.

Hili si letu peke yetu. Yuko mtafiti wa Marekani, Natasha Dow Schüll, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi kwa wacheza mashine wa Las Vegas, na mwaka 2012 akatoa kitabu. Alichokikuta ni kwamba wengi waliozama walikuwa hawachezi ili washinde. Walicheza ili waendelee kucheza. Walizungumzia hali fulani ambayo mtu akiingia, saa zinapotea, njaa inapotea, shida zinapotea, hata yeye mwenyewe anapotea. Wengine ushindi uliwakera, kwa sababu unakatiza ile hali.

*"Ilibaki kidogo"*

Na waliotengeneza wanalijua hilo. Mwaka 1984 mvumbuzi aitwaye Inge Telnaes alipewa hataza huko Marekani, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa mashine ambayo namba zinazochaguliwa ndani kwa elektroniki ndizo zinazoamua picha itakayosimama. Tangu hapo picha unazoziona kwa macho hazikwambii tena ukweli wa nafasi yako. Ukiona taa imesimama picha moja tu kabla ya ile uliyobonyeza, unasema "dah, ilibaki kidogo!" Hakuna kilichobaki. Umekosa kama aliyekosa kwa mbali. Lakini moyo hausikii hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake walionyesha kwamba ile "ilibaki kidogo" humkera mtu na wakati huohuo humzidishia hamu ya kucheza tena, hasa pale alipochagua picha mwenyewe. Na kwenye dubwi nani anachagua tunda? Wewe.

*"Namdhulumu nani?"*

Sasa tuje kwenye swali ambalo vijana wananiuliza, na ni swali la mtu mwenye akili. Wanasema: "Shehe, karata tumeelewa, namnyang'anya mwenzangu. Lakini mashine ni chuma. Namdhulumu nani? Nikiliwa, nimeliwa mimi. Ugomvi uko wapi?"

Swali hili lina uzito, kwa sababu katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, Allah ametukataza maysir, yaani kamari, na akataja sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na Swala. Kijana anasema sababu ya kwanza haipo kwenye mashine.

Angalia kwanza maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilikuwaje. Walichinja ngamia, wakatia mishale kumi kwenye mfuko, saba ina mafungu kuanzia moja hadi saba, mitatu haina kitu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa gharama ya ngamia. Na walioshinda, wafasiri wanatueleza, walikuwa wakijifakharisha kwa kuwapa maskini ile nyama, wala hawaili wenyewe. Ilikuwa kamari ya hadharani, watu wanaonana uso kwa uso, na mwisho maskini anapata chakula. Suratul Baqara, aya ya 219, inakubali kwamba kuna manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kamari iliyolisha maskini imeharamishwa. Itakuwaje hii isiyolisha hata mtoto wa mchezaji?

Halafu niambie: mashine ikikutapikia sarafu 50, sarafu hizo zimetoka wapi? Chuma hakizai pesa. Ni za dereva mwenzako aliyekaa kwenye kiti hichohicho asubuhi. Ni za mkata mkonge aliyepokea posho jana. Ni za mkulima wa Handeni aliyeuza debe la mahindi. Umezichukua bila kumwona uso, na yeye atachukua zako bila kukuona. Mwenzako yupo palepale, mashine imemficha tu. Mezani ungemwona anavyofuta jasho, pengine ungeona aibu ukamrudishia nauli. Hapa hata ile aibu ndogo imeondolewa.

Na uadui? Umehama tu. Umetoka kwenye mkeka umeingia chumbani. Muulize mke anayeambiwa "leo hakukuwa na abiria" siku ya tatu mfululizo. Muulize mama aliyekuta sarafu za kibubu zimepungua. Ama ile sababu ya pili, kusahau kumkumbuka Allah na Swala, kwenye mashine ndiyo imekamilika. Mezani walau mtu husikia adhana na mmoja wao akasema "jamani, Magharibi hiyo".

*Saumu na pazia*

Kwa nini nayasema haya Ramadhani? Kwa sababu saumu nayo ni ibada ya mahali pasipo na macho. Saa nane mchana, jua la Korogwe unalijua, uko peke yako chumbani na mtungi wa maji ya baridi. Ukinywa, nani atajua? Ukitoka ukapangusa mdomo, watu watasema umefunga. Lakini hunywi. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Allah amesema saumu ni Yake na Yeye ndiye atakayeilipa. Wanazuoni wengi wamesema ni kwa sababu haina wa kumwonyesha.

Basi mtu huyuhuyu anayekaa nyuma ya pazia la kibanda, akiona raha kwamba hakuna anayemwona, ndiye aliyekaa chumbani asinywe maji kwa kuwa kuna Anayemwona. Nguvu anayo, ndugu yangu. Siku 15 ameionyesha. Wewe unayesoma hapa na unajijua, nakwambia wewe: usiseme umeshindwa. Aliyeweza kuacha maji ya halali kwa ajili ya Mola wake, anaweza kuacha sarafu ya haramu.

*Tufanye nini?*

Kwa anayecheza. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Hiyo ni kwa neno tu, je, kwa tendo? Anza leo: zile sarafu za 200 zikae mbali na mfuko wako, toa sadaka kwa kadiri uwezavyo, na badili njia ya kurudi nyumbani. Kisha tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie. Mashine inaishi kwa siri. Siri ikitoka, nusu ya nguvu yake imekwisha.

Kwa mzazi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kucheza. Ukimwona mtoto wa jirani na sare za shule mbele ya dubwi, usiseme si wangu. Mchukue, na mwenye kibanda umkumbushe sheria.

Kwa sisi wa msikitini, na hili ndilo zito. Kijana alisema watu wanamwona. Sisi tunamwonaje? Akija Tarawehe na shati la kazini, tunamsogezea nafasi au tunamwangalia viatu? Akikosa wiki mbili, nani anampigia simu? Ikiwa macho yetu kazi yake ni kuhukumu, tusishangae mtu akienda kukaa na chuma kisicho na macho. Leo kwenye futari, mwite mmoja ambaye hukuzoea kumwita. Usimpe mawaidha. Mpe tende, mpe uji, mwulize habari za kazi, umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali na ututosheleze nacho, tukinge na cha haramu, na uwarudishe ndugu zetu waliopotelea kwenye michezo hii kabla mwezi haujatuaga. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

_Ukiona inafaa, mtumie ndugu mmoja. Usiitume kwa jina la mtu kwenye kundi, utamwaibisha._