Jicho la Kuazima

Jamani, anayewinda paa katika misitu ya Marekani achague darubini gani ya bunduki? Dukani ataona imeandikwa 3-9x40: inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Wengi hudhani kukuza zaidi ndiyo ubora. Mimi nasema la! Ukikuza sana, unaona eneo dogo, na mkono ukitetemeka kila kitu kinacheza. Tena darubini humleta mnyama karibu na jicho, si karibu na risasi. Risasi inasafiri umbali uleule, ikishuka na kusukumwa na upepo. Paa akijeruhiwa akatokomea porini, nani atajibu? Kwangu mimi bora darubini ya kiasi, inayomlazimu mwindaji anyemelee. Akishindwa kusogea, basi, mnyama kashinda, arudi nyumbani.