Zebedayo Alibaki Chomboni

Masomo: Marko 1:16-20, Yohana 21:1-14



Tumemaliza matanga ya baba yetu mvuvi. Jina lake hatuliandiki, maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa mbele ya watu, na kila aliyekula samaki wake atamjua bila kuambiwa. Hakuwa mzee wa kanisa wala shemasi. Hakutoa unabii hata siku moja. Katika daftari letu, mbele ya jina lake, kuna alama nyingi za kukosa mkesha. Alama hizo ni sisi tuliziweka, na juu ya hizo tunataka kusema.

Tukihubiri Marko sura ya kwanza, tunawasifu Simoni na Andrea, Yakobo na Yohana, kwa kuwa waliacha nyavu mara moja. Ni haki kuwasifu. Lakini ni nani kati yetu amewahi kusimama kidogo kwa ajili ya mzee Zebedayo? Marko anatuambia kwamba wana wake walimwacha chomboni pamoja na watu wa mshahara. Yesu hakumwita, wala hakumkemea. Usiku ule mtu alipaswa kushusha nyavu, ili watu wa mshahara walipwe na nyumba ipate chakula. Na tukisoma Mathayo, tunaona kwamba hata mama wa wana wa Zebedayo alifuatana na Yesu kutoka Galilaya, akawa kati ya wanawake waliotazama msalaba kwa mbali. Basi mzee huyu alitoa wana wawili, na mke pia. Maandiko hayasemi alirudi kwake jioni akamkuta nani. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaweza kuwaza.

Baba yetu alikuwa mtu wa namna hiyo. Jua likizama, aliingia majini na wenzake, taa zikiwaka juu ya mitumbwi, kwanza taa za petroli, miaka ya mwisho taa za batri, ili ndagala wapande kufuata mwanga. Alfajiri alirudi, na kabla mama wa sokoni hajagusa kitu, alitenga samaki wa nyumbani. Mukeke mzuri ulikwenda kwa mama mkwe wake. (Petro naye alikuwa na mama mkwe, tusisahau.) Kabla ya mwaka 2019, wakati wazazi wa Kongo walipokuwa bado wanalipa shule ya msingi na primu ya walimu juu yake, watoto wake wote walisoma kwa ndagala, na wawili wa marehemu ndugu yake. Na mwezi wa 10 mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, mtumbwi ule ule ulichukua majirani kuelekea kusini, wale ambao baadaye walivuka mpaka Kigoma. Hakumwomba mtu pesa.

Tena alilipenda ziwa. Siku ambazo hakufanya kazi alikaa juu ya mawe na ndoano, wajukuu pembeni, akiwaambia kwamba ziwa hili halina chini. Wajukuu waliosoma walimjibu kwamba linayo, ni mita 1,470. Alicheka sana.

Sasa tuseme lililo zito. Siku moja katika ibada, mmoja wetu alisimama akasema ameonyeshwa mtu huyu anazama, na kwamba aache maji aje kukesha katika maombi. Baba alisimama, kofia mkononi, akauliza: “Wazee wangu, nikiacha ziwa, watoto watakula nini?” Hakuna aliyemjibu. Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba unabii upimwe, nasi hatukupima. Tuliandika alama katika daftari. Yeye alikwenda majini usiku uleule, na usiku mwingi baada ya huo. Hakufa majini. Amekufa kitandani mwake, mkewe amemshika mkono. Tunaandika haya kwa aibu.

Mwaka 2024, nchi za ziwa zilipoanza kupumzisha uvuvi kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti, alikuja katika kila mkesha. Tulimsifu kwamba sasa ameokoka kabisa. Hatukuuliza jikoni kwake kuna nini.

Wapendwa, tusome tena Yohana 21. Bwana amekwisha kufufuka, na wanafunzi saba wako wapi? Wako majini, usiku kucha, wala hawakupata kitu. Kulipokucha Yesu alisimama ufukoni. Hakuwauliza kwa nini hawakukesha katika maombi. Aliwaonyesha upande wa kutupa wavu, wakapata samaki wakubwa 153. Na waliposhuka walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Aliwapikia.

Kwa hiyo wazee wa kanisa tumekaa, tumekubaliana. Alama zile zimefutwa, za baba na za wavuvi wengine wote. Mama mjane ataletewa unga na mafuta na kila mtaa kwa zamu, mpaka kijana wake mdogo atakapomaliza kushona wavu aliorithi. Na mkesha hautakuwa tena Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Utafuata mbalamwezi inapokuwa kamili, wakati taa hazivuti ndagala na mitumbwi inalala mchangani. Wavuvi waje na wake zao na watoto. Aliye na samaki alete, moto utakuwa umekwisha kuwashwa uani.