Soko na nyumba ya vioo: pesa yetu tunaipeleka wapi, na shida yetu tunaipeleka wapi?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na masahaba wake wote.



Swali la Ijumaa hii limetoka kwa vijana wetu wa hapa Mitwaba. Wamesikia hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.) na kuandikwa na Imamu Muslim, ambayo maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu anapenda misikiti kuliko mahali pengine pote, na mahali anapopachukia zaidi ni masoko. Sasa wanauliza: haya maduka makubwa ya vioo, hizi supamaketi za mjini, na yale majumba ya maduka ambayo watu wetu wanaenda kuyaona Kitwe, Lusaka na hata Dubai, ni masoko hayo hayo yanayochukiwa? Na wazee wanaokataa kukanyaga huko wanakataa kwa ajili ya dini, au ni mazoea tu?

Swali ni zuri. Tulijibu kwa utaratibu, maana wengi wetu tumeshajijibu wenyewe kabla ya kufikiri. Kuna anayesema ni anasa ya makafiri, akamaliza. Kuna anayesema ni maendeleo, naye akamaliza.

Kwanza tujue kwamba soko si haramu. Makureshi walimkejeli Mtume (s.a.w.) kwamba ni Mtume gani huyu anayekula chakula na kutembea masokoni. Mwenyezi Mungu akajibu katika sura hiyo hiyo ya Al-Furqan kwamba Mitume wote waliotangulia walikuwa wakila chakula na kutembea masokoni. Naye Abdurrahman bin Auf (r.a.), alipofika Madina mikono mitupu, alipewa na ndugu yake Saad bin Rabii nafasi ya kugawana mali nusu kwa nusu. Alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Alianza na jibini na samli, akaja kuwa tajiri.

Basi chuki iliyotajwa ni ya nini? Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alieleza kwamba ni kwa sababu ya yale yanayofanyika sokoni: udanganyifu, riba, viapo vya uongo, kuvunja ahadi, na kumsahau Mwenyezi Mungu. Angalia vizuri, hakutaja paa wala vioo. Mambo aliyoyataja yanaweza kukaa chini ya turubai la plastiki katika soko la Kenya, na yanaweza kukaa penye taa na hewa baridi. Kwa hiyo anayeyakwepa maduka makubwa huku anapunja meka ya unga sokoni asijihesabu kuwa amejitenga na kinachochukiwa.

Sasa tuangalie kwa nini watu wanayapenda. Tusiwaonee. Wengi wanaowasema vibaya hawajawahi kuwauliza.

Wazee watakumbuka mji huu ulipoitwa Elisabethville, jina lililobaki mpaka 1966. Ulijengwa kwa mpaka: Wazungu upande wa mji, Waafrika upande wa cité, kama komini Albert ambayo leo ni Kamalondo. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, jambo hilo lilionekana hata katika kununua nyama. Mwafrika hakuingia dukani kwa mlango. Alisimama nje, akanunua kwa kidirisha ukutani, akapewa kipande ambacho hakukichagua. Katika miaka ya 1950 chama cha African National Congress cha huko kiliongoza migomo dhidi ya maduka hayo. Kenneth Kaunda, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1964, aliacha kabisa kula nyama kwa ajili ya jambo hilo.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mama wa Katuba anavaa kitenge kizuri siku ya kwenda Hyper Psaro hata kama atanunua sabuni moja. Anaingia kwa mlango ule ule anaoingia mkubwa wa kampuni ya madini. Anashika kitu kwa mkono wake, anakigeuza, anakirudisha, hakuna anayemfokea. Bei imeandikwa kwake na kwa tajiri, moja. Hiyo ni heshima, na Uislamu haukuja kumnyang'anya mtu heshima. Tena dada zetu wanaovaa hijabu wanatuambia kwamba sokoni vijana wanawavuta mikono kwa nguvu ili wanunue, lakini kule wanatembea kwa usalama. Hilo ni lawama juu yetu wanaume wa soko kabla ya kuwa sifa ya duka.

Kuna na jambo la amani. Mwaka 1991 maduka mengi ya mji huu yaliporwa, na baada ya hapo kila mwenye duka alijificha nyuma ya vyuma. Dirisha pana la kioo lisilo na nondo, kwa mtu aliyeishi miaka ile, linasema kwamba usiku utapita salama. Na umeme je? Mtu anayekaa kwenye giza la SNEL siku tatu, akiingia mahali penye taa na maji baridi, usimwambie anapenda dunia. Amechoka tu.

Wanaoyakwepa nao wana sababu zao. Kuna hofu. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha wa Al-Shabaab walivamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa, wakiwemo Waislamu. Wauaji walidai kwamba wanawachagua wasio Waislamu. Siku hiyo hiyo Mwislamu mmoja, Abdul Haji, aliingia ndani na bastola yake, akasaidia kuwatoa watu bila kuuliza dini ya mtu. Kila Mwislamu anayesoma sura ya Al-Maida anajua kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote, na kuiokoa ni kama kuwaokoa wote. Kwa hiyo mlinzi akikupapasa mlangoni, hata akikuangalia wewe mwenye kanzu kuliko wengine, vumilia. Inaumiza, lakini tunajua ilianzia wapi.

Wengine wanakwepa kwa aibu. Viatu vyao vina vumbi, wanaona sakafu inang'aa, wanarudi nyuma. Hiyo aibu si dini, na anayeiita dini anajidanganya. Vumbi la kazi ya halali halimharamishii mtu mlango wowote.

Na wengine wanakwepa kwa sababu wanajijua: wakiingia na dola ishirini za ada ya mtoto, watatoka na mfuko wa biskuti. Huyu ni mwenye hekima. Majumba yale yalitengenezwa hivyo. Mtu aliyebuni ya kwanza ya aina hiyo, lililofungwa lote na kutiwa hewa ya kupooza, ni Victor Gruen, mhandisi wa majengo kutoka Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Jumba lake, Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 katika jimbo la Minnesota. Nia yake ilikuwa kuwapa watu uwanja wa kukutania kama ule wa mji wake wa zamani, pawe na mazungumzo, sanaa, miti. Wenye mali walichukua sehemu moja tu ya mpango wake, ile ya kuuza. Gruen mwenyewe alirudi Vienna, na kabla ya kufa mwaka 1980 aliyakana hadharani majumba yale. Mtu anaingia kutafuta kitu kimoja, macho yanachukuliwa huku na huku, anasahau alichokuja kununua. Hakuna dirisha la kumwonyesha kwamba jua limepinduka, na Adhuhuri inapita, Alasiri inapita. Katika nchi za Ghuba wameweka vyumba vya kusalia ndani ya majumba hayo. Huku kwetu lazima saa iwe mfukoni mwako na qibla kichwani mwako.

Lakini ndugu yangu, hayo yote ni madogo. Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Tumwangalie mtu mmoja, wala tusimtaje jina, maana yuko katika kila barabara na pengine anasoma karatasi hii. Mwisho wa mwezi amepata mshahara wake. Anapanda teksi, anaenda supamaketi, anajaza kigari: mchele, mafuta, sukari, maziwa ya unga. Anafika kwenye kaunta, anasoma jumla, anatoa dola. Hajasema neno. Hajaomba wapunguze hata franka mia moja. Akipewa chenji pungufu kwa sababu noti ndogo hazipo, anatabasamu, anaondoka.

Tarehe kumi na tano pesa imekwisha. Sasa anatembea kwa miguu, anaenda kwa mama wa soko mwenye meza ya sombe, nyanya na samaki wakavu. "Mama, unijue, nitakuletea mwisho wa mwezi." Mama anaandika katika kidaftari, au anaweka tu kichwani, na watoto wa huyo bwana wanakula bukari usiku ule. Mwisho wa mwezi unafika. Pesa inaenda wapi? Inapanda teksi tena. Kwa mama anakuja kulipa nusu, na anapolipa anamgombeza kwamba nyanya zake ni ndogo.

Pesa yake anaipeleka kwenye vioo, na shida yake anaipeleka kwa mama. Tunauliza: hiyo ni haki?

Mtu atasema, kila mmoja ana uhuru wa kununua anapotaka. Kweli, na hakuna sheikh atakayekuandikia kwamba mchele wa supamaketi ni haramu. Lakini Qur'ani katika sura ya Al-Baqara inamtukuza anayempa muda mdaiwa mwenye dhiki. Mama yule anafanya amri hiyo kila wiki, pengine bila kuijua aya, na pengine si Mwislamu. Hana ghala, hana mkopo wa benki. Mtaji wake umetoka katika likelemba, na zamu yake ikipita bila wewe kulipa, anaaibika mbele ya wenzake. Duka kubwa halikukopeshi hata kiberiti, na halina kosa, haliijui sura yako. Yeye anaijua. Sisi tumeugeuza ujuzi huo kuwa udhaifu wake.

Na katika kupatana bei tumekuwa wakali kwa aliye dhaifu. Kupatana ni halali, ni utamu wa soko, na biashara inajengwa juu ya kuridhiana. Lakini yule aliyenyamaza mbele ya bei iliyoandikwa anapofika kwa mama wa mboga anageuka simba kwa franka mia mbili. Inasimuliwa kuhusu Jarir bin Abdullah (r.a.) kwamba farasi aliletwa kwake kwa bei ya dirhamu mia tatu. Alipomwona anastahili zaidi, akampandishia muuzaji bei mwenyewe mpaka mia nane, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Hatukuambii upandishe bei ya sombe. Tunakuuliza tu, ukishinda ubishi wa franka mia mbili, nani ameshindwa?

Wamama nao, na vijana wa soko, tusiwasifu mpaka tukawaharibu. Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuzaji wa chakula, akaingiza mkono ndani ya fungu, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakione, na akasema kwamba anayedanganya si miongoni mwetu. Anayeweka nyanya nzuri juu na zilizooza chini, anayeapa Wallahi kwamba ameinunua hivyo hivyo Kasumbalesa, ndiye anayewafukuza watu waende kwenye vioo. Halafu analia kwamba soko limekufa. Bei iliyoandikwa ukutani ni ukweli wa aina yake, na soko letu lingeweza kuuiga bila kujenga ukuta.

Kijana mmoja ameuliza tena: kwenda kule kutembea tu, kuangalia, bila kununua? Inafaa, ukishusha macho, ukasali kwa wakati, na ukaweza kurudi nyumbani bila kumdharau mke wako kwa sababu ya jiko lake la makala.

Leo ni Ijumaa. Sura ya Al-Jumua imetuamuru tuache biashara tunaposikia wito, na sala ikimalizika tutawanyike tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo baada ya salamu utakuwa huru kwenda unakotaka, mjini au sokoni. Ila wenye majina katika vidaftari vya wamama wapitie huko kwanza. Mawingu yakifunga, wamama wanapanga vitu vyao mapema na kwenda nyumbani, na utakuta meza tupu.

Wabillahi Tawfiq.