Bugali si tuzo

Shirika letu, yaani sisi wakristo wa barabara chache za Kadutu, mjini Bukavu, lilikaa mwezi uliopita kugawa matoleo ya wenye shida. Mama mmoja aliomba asaidiwe unga, samaki wadogo wa sambaza na sabuni ampelekee kijana wake aliye kifungoni. Mzee wetu, mtu anayeheshimiwa, akamjibu bila kupandisha sauti: “Mama, sisi hatulishi wezi. Hao ndio waliotuporea mji Februari.” Hakuna aliyempinga. Pesa zikaenda kwenye rangi ya ukuta wa kanisa, na mama akajifunga kitenge vizuri akatoka. Tangu siku ile nina hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha.

Kifungo ni nini, mfungwa na mahabusu wanatofautiana wapi, wanasheria wameshaeleza. Tuchukue maana ya kawaida tuendelee. Ninalotafuta ni hili: mtu akishafungiwa mlango, sisi tuliobaki nje tunakuwa nani kwake?

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au mwanasheria wake, na inataka kila aliyefungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na utu wake. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kulisha ni kazi ya gereza lenyewe. Anayeishi Bukavu anajua umbali uliopo kati ya karatasi hizo na sufuria. Gereza kuu la mji huu lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa watu wapatao 500, na kwa miaka mingi lilibeba mara tatu ya hao au zaidi. Chakula cha gereza, siku kinapopatikana, ni vungule, mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja. Kinshasa, kwenye gereza la Makala, Januari 2020 wafungwa walikufa kwa njaa. Kwa hiyo kumtembelea mfungwa hapa kwetu si suala la faraja peke yake. Anayekatwa na ndugu zake amekatiwa na chakula.

Nimewahi kumsindikiza mama yule. Bugali anauweka chini, sombe na sambaza juu, kwa kuwa mlangoni chakula huchomwa kijiti kutafuta kilichofichwa, na anapenda kijiti kiishie kwenye sombe. Sufuria ya jana hurudishwa ikiwa tupu. Ikirudi imeoshwa, anajua ni mwanawe aliyekula, maana ndivyo alivyomlea. Ikirudi na makoko, anajua mwenye nguvu zaidi amemnyang’anya, na usiku huo halali. Hana barua wala simu; habari zote za mtoto wake anazisoma kwenye sufuria hiyo.

Hakimu akitoa miaka mitano, ametoa miaka mitano ya kukosa uhuru. Hakutoa miaka mitano ya njaa, wala hakumfanya mtu huyo yatima. Hayo tunayaongeza sisi, bila kikao, bila wakili, bila tarehe ya mwisho. Na mara nyingi hatumngojei hata hakimu.

Najua zipo hoja nzito dhidi yangu. Kuna mama mwenye chungu kimoja na watoto wengine nyumbani, na kuna ukweli kwamba kila tunapobeba sufuria tunawapunguzia wenye gereza aibu yao. Kuna walioumizwa pia: kule Kavumu, jirani na mji wetu, ambako Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha wanamgambo waliobaka watoto wadogo, pamoja na mbunge wa mkoa aliyewaongoza, nani atathubutu kumwomba mzazi wa mmoja wa watoto hao achangie sabuni? Mimi sitathubutu.

Lakini hoja ya mzee haisemi lolote kati ya hayo, na ndiyo inayopigiwa makofi mjini. Tuiangalie taratibu. Tarehe 14 Februari 2025, waasi wa M23 wakiwa wanakaribia kuingia mjini, gereza la Bukavu lilimwaga watu wake, na la Kabare vilevile. Goma ilikuwa imetangulia Januari, kwenye gereza la Munzenze, ambako wanawake wengi walibakwa na kufia motoni. Siku zile za Februari mji wetu uliporwa. Ghala la PAM, Mpango wa Chakula Duniani, peke yake lilipoteza karibu tani 7,000 za chakula. Sasa tupige hesabu. Hata tukisema waliotoka gerezani walikuwa 2,000, na kwamba hawakuwa na shughuli nyingine ila ghala lile, kila mmoja angebeba tani tatu na nusu mgongoni. Nilikuwa dirishani. Niliona magunia yakipita vichwani mwa watu wa kila umri, wengine tunaosalimiana nao Jumapili, ambao hawajalala kasho hata usiku mmoja. Njaa na hofu viliutoa mji mzima barabarani. Leo mji huo unataka lawama yake ibebwe na watu wasioweza kuja kikaoni kujitetea.

Tuseme basi nimekosea hesabu, na wote walipora. Walipora kwa sababu mama zao waliwapelekea sambaza? Asiyeletewa kitu angekuwa mpole zaidi? Ukimsukuma mzee hadi hapo atakwambia hakusema hivyo, ila “tusiwatie moyo”. Moyo wa kufanya nini? Nani amewahi kuiba simu ili apate nafasi ya kulala sakafuni kwa zamu na kula bugali uliochomwa kijiti?

Rafiki zangu wananishauri nimjibu kwamba mfungwa anayetembelewa hurudi akiwa mtu mwema kuliko aliyetupwa. Pengine ni kweli, lakini jibu hilo silitaki. Nikilitoa nitakuwa nimekubali kwamba bugali ni tuzo, na kilichobaki ni kubishana nani anaistahili. Hospitalini kwetu pia ndugu ndio wanaoleta chakula, na hakuna anayesimama mlangoni kuuliza mgonjwa alivunjikaje mguu. Kula hakungojei hukumu. Zaidi ya hayo, kijana huyu hajahukumiwa. Alikamatwa kwa tuhuma ya simu, akakaa ndani bila kufikishwa mbele ya hakimu, milango ilipofunguka akatoka na wenzake, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, na baadaye akakamatwa tena. Ibara ya 17 inamwita asiye na hatia hadi ithibitishwe. Shirika letu limemwita mwizi kwa dakika tatu.

Kinachonishangaza ni kwamba watawala wameijua thamani ya kamba inayomuunganisha mfungwa na watu wake kuliko sisi waumini. Watoto wangu wamechoka kunisikia nikisimulia habari za nabii Simon Kimbangu, lakini nitasimulia tena. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo; Mfalme Albert akabadilisha ikawa kifungo cha maisha. Wangeweza kumfunga karibu na Nkamba, kijijini kwake. Wakampeleka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, upande wa pili wa koloni. Alikaa huko miaka 30, akafia huko Oktoba 1951. Wafuasi wake nao walihamishwa, familia kwa familia, hadi mikoa ya mbali. Mkoloni alielewa kwamba ukuta peke yake hautoshi, lazima pia mtu atenganishwe na wanaomjua. Na bado mke wake, Mama Marie Mwilu, aliendelea kwa miaka mingi kuwakusanya waumini kwa siri, na Desemba 1959 kanisa lao likatambuliwa. Sisi wa Bukavu tunayo yetu. Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kurudi kwetu, wakamweka Butembo. Mji ulimngoja miezi saba bila kumsahau. Alirudi Septemba, na Oktoba 4 akafariki akiwa Roma. Mzee wetu alikuwa kati ya waliompokea, na akilisimulia sauti humtetemeka.

Atanijibu kwamba Kataliko hakuiba. Ni kweli. Lakini kama tunamkumbuka tu asiye na doa, basi tunachokitunza ni heshima, na heshima haimgharimu mtu sana. Mama hakumzaa mwanawe kwa sharti, kwa hiyo sharti haliwezi kuwekwa leo na watu wengine.

Hapo ndipo fikra zangu zinapokwama. Naweza kuonyesha kwamba hatuna haki ya kumwaibisha mama huyo. Siwezi, kwa uhakika uleule, kuonyesha kwamba mfuko wa shirika unadaiwa, kwani shirika halikumzaa. Nikisema maneno ya Yesu kuhusu wafungwa, katika Matayo 25, yanatudai, asiye mkristo ananiuliza yeye anadaiwa na nani. Nikisema ujirani unatudai, wale wa Kavumu nao ni majirani, na ujirani wao unadai kinyume. Kikao kijacho nitaomba jambo hili lirudishwe mezani. Kwa kijana asiyehukumiwa naamini nitamshinda mzee. Akiniuliza kuhusu waliohukumiwa kwa haki, na najua ataniuliza, sina bado la kumjibu.