Dhamiri na Mkono wa Muuguzi

Muuguzi wa kijijini akidai stahiki zake, jibu huwa tayari: kazi yenu ni ya wito. Hoja hiyo ilisikika sana mwaka 2012, madaktari wa Tanzania walipogoma wakidai maslahi na mazingira bora ya kazi. Ndani yake mna ukweli na mna kosa.

Ukweli ni kwamba fedha peke yake haimtoshi mtu anayepokea vichanga na kufumba macho ya marehemu. Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, inalijua hilo. Hospitali ya Mtakatifu Fransis, Kwamkono, ni ya Kanisa Anglikana, na imesimama juu ya imani kwamba kumhudumia mgonjwa ni kumtumikia Mungu. Muuguzi Mwislamu anayeanza zamu kwa Bismillahi katika hospitali ya Magunga, Korogwe, ana nia hiyohiyo. Tangu mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani nalo linakiri kuwa afya ina upande wa kiroho.

Kosa ni kudhani kwamba roho hiyo hujitosheleza, hata mazingira yakiwaje. Tumfikirie mkunga katika zahanati ya kata kama Kwedizinga, usiku, yuko peke yake. Mama aliyejifungua anatokwa damu nyingi. Mkunga anajua la kufanya: oksitosini, dripu, kulikanda tumbo la uzazi, kisha rufaa ya haraka, maana zahanati haina damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Dawa ikiwepo na gari likifika, asubuhi atarudi nyumbani hoi lakini moyo wake umetua. Dawa ikiwa imekwisha na gari halipatikani, atarudi na jeraha ambalo usingizi hauliponyi. Mshahara ni uleule, imani ni ileile, uchovu ni uleule. Kilichotofautiana ni kwamba safari moja aliweza kutenda alichojua kuwa ni sahihi, na safari nyingine hakuweza.

Hapo ndipo ninapouona utulivu wa roho kazini: ni mapatano kati ya dhamiri na mkono. Dhamiri ikijua na mkono ukazuiwa, mtu hupasuka ndani.

Atakayepinga atasema imani thabiti hubeba hata hayo. Hubeba mengi, kweli. Humpa mkunga mahali pa kulia, humsaidia kujisamehe kwa yaliyo nje ya uwezo wake, na humwamsha kesho aende tena. Lakini imani ya kweli haikubali rafu tupu iitwe kudra ya Mungu. Na kama kazi hii ni ya wito, sisi tunaotibiwa tumo miongoni mwa walioita. Anayeita ana deni kwa aliyeitika.

Deni hilo si la dawa tu. Mwaka 2006 Rachel Manongi na wenzake walichapisha utafiti juu ya watumishi wa afya ya msingi mkoani Kilimanjaro. Waliwakuta watu wenye moyo wa kazi, lakini wachache mno kwa mzigo uliopo na wenye kiu ya usimamizi unaowasaidia. Mwaka 2008 utafiti uliofanywa Muhimbili ulionyesha kuwa karibu nusu ya madaktari na wauguzi hawakuridhika na kazi zao. Msimamizi anayefika zahanati, akakagua vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma, na kuondoka bila kuuliza usiku wa jana ulikuwaje, amehesabu wagonjwa na kumsahau aliyewahudumia.

Mtumishi naye ana sehemu yake. Hakuna upungufu wa vifaa unaomlazimisha kumtukana mama mwenye uchungu. Anayefanya hivyo anaivunja dhamiri yake kwa mkono wake mwenyewe, na nyongeza ya mshahara haitaiunga. Lugha ya upole hubaki mikononi mwake hata stoo ikiwa tupu, na kuilinda ni kuilinda roho yake pia.

Kwa hiyo halmashauri au kamati ya zahanati ikitaka kujua kama watumishi wake wameridhika, isiishie kwenye posho na nyumba, ingawa hayo ni haki yao. Imuulize kila mmoja: jana uliweza kumfanyia mgonjwa wako kile ulichojua anastahili? Akijibu hapana, imuulize ni nini kilichomzuia, na kizuizi hicho kiandikwe kwenye bajeti.