Mpaka wa Madhabahu

Msomaji, ukisimama Malaba, au Busia kusini yake, utaona jambo linalostahili kufikiriwa. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Lugha ni ile ile, koo ni zile zile. Mstari wenyewe haukuwapo siku zote. Hata mwaka 1902 nchi hii yote, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Serikali ilipousogeza mstari wake, Kanisa la Anglikana halikuusogeza wake. Waanglikana wa upande huu wakabaki chini ya askofu aliyekaa Namirembe. Kwa kodi walikuwa wa Nairobi, kwa sala walikuwa wa Uganda.

Mipaka kama hiyo ni rahisi kuicheka. Lakini je, mpaka wa imani nao ni mstari uliochorwa na watu tu, au ni ukuta wa nyumba, ambao ukiubomoa paa huanguka?

Swali hili liliulizwa kwa ukali katika nchi yetu. Mwezi wa Juni mwaka 1913 wakuu wa misheni za Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika misheni ya Waskoti. Mwenyekiti alikuwa Askofu Willis wa Uganda, aliyewahi kufanya kazi Maseno, naye aliyajua mambo ya magharibi vizuri. Misheni zilikuwa zimegawana nchi. Basi mtu aliyefundishwa na Waskoti akihamia penye Waanglikana kutafuta kazi, je, akaribishwe kwenye Meza ya Bwana, au akae nje kama mgeni asiyejulikana? Wajumbe wakatunga mpango wa ushirikiano. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea.

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston aliwaka. Misheni yake, ile ya Vyuo Vikuu, ililelewa na mafundisho ya vuguvugu lililoanza Oxford mwaka 1833: kwamba kanisa si idara ya serikali wala chama cha watu wapatanao, bali ni urithi uliotoka kwa mitume kwa mikono ya maaskofu. Newman, mmoja wa viongozi wake, aliishia Roma mwaka 1845. Waliobaki walishikilia kwamba kanisa lao lenyewe ni Katoliki. Weston akamtaka Askofu Mkuu Davidson wa Canterbury awaite Peel na Willis wajibu mashtaka ya uzushi na faraka. Davidson alitoa jibu mwaka 1915: uzushi haupo, lakini ibada kama ile isirudiwe. (Majibu ya wakubwa aghalabu huwa hivyo.)

Pengine umekwisha kumhukumu Weston kuwa mtu mgumu, mwenye kuthamini cheo cha askofu kuliko njaa ya msafiri. Nami naona kwamba katika jambo la msafiri yule Willis alikuwa karibu zaidi na haki. Walakini ngoja kidogo.

Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza maofisa na machifu wapeleke watu kwenye mashamba ya walowezi. Willis, pamoja na askofu mpya wa Mombasa, Heywood, na Dakta Arthur wa Waskoti, waliukosoa. Lakini walikubali kulazimishwa kwa watu, madhali kuwe kwa sheria na kwa kiasi. Walidhani sheria ya wazi itamwumiza mnyonge kidogo kuliko shuruti ya siri. Weston hakukubali kiasi chochote. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu, akasema na Waingereza waziwazi kwamba huo ni utumwa.

Sisemi kwamba mafundisho ya Oxford humfanya mtu shujaa. Lakini moyo uliomfanya Willis afungue meza, yaani kutafuta lililo jepesi zaidi kwa mtu wa leo, ndio uliomfanya apatane na waraka; na moyo uliomfanya Weston aifunge, yaani kukataa kutoa kisicho chake, ndio uliomzuia kupatana. Ukichagua mmoja, jiulize utauweka wapi mwingine.

Mwaka 1921 serikali ya Uingereza iliamuru maofisa waache kuwakusanyia walowezi wafanyakazi. Mwaka ule ule Waanglikana wa upande huu walitolewa Uganda wakatiwa katika dayosisi ya Mombasa, na habari ya meza ikabaki pale Davidson alipoiacha.